Ng'ambo ya Mstari

Wandegeya jijini Kampala, jirani na Chuo Kikuu cha Makerere, mashine za fotokopi hutoa nakala za mitihani ya zamani ya UNEB, baraza linalotahini Uganda tangu 1983. Kurahisisha vipeo ni mada ambayo mtahiniwa wa hisabati hawezi kuikwepa. Chukua mfano wa aina hiyo:

(2x⁻³y²)⁻² ÷ x⁴y⁻⁵

Mwenye pupa anaona alama tatu za hasi na kalamu inaanza kukimbia. Fundi hutulia kwanza, akayatazama mabano, kwa sababu kipeo cha nje kinamhusu kila aliyemo ndani, na ile 2 imo. Wapo wanaoisahau. Wapo wanaoigeuza kuwa −4, na hapo ndipo alama zinapopotea. Hasi ya kipeo haiipeleki namba chini ya sifuri. Inaivusha tu mstari wa sehemu. Kwa hiyo 2⁻² ni robo, na mabano yote yanakuwa ¼x⁶y⁻⁴. Kinachobaki ni kutoa vipeo: 6 toa 4 ni 2, na −4 toa −5 ni 1.

Jibu ni x²y/4.

Mistari mitatu tu, alama za sawasawa zimepangwa wima, kila hatua inakaguliwa kwa jicho. Mwalimu anayetoa alama kwa mistari hiyo, si kwa jibu peke yake, anajua anachokithamini.

Ufundi huu ni wa zamani kuliko alama zake. Al-Samaw'al, mzaliwa wa Baghdad wa karne ya 12, alipanga vipeo katika safu, moja ikiwa katikati, vipeo upande huu na sehemu zake upande ule, kisha akahesabu hatua za kwenda na kurudi. Yote hayo bila kuandika x hata moja! Newton alikitumia kipeo hasi kwa namna tunayoijua leo katika barua ya mwaka 1676.

Mtego mkubwa umo katika kujumlisha. (x⁻¹ + y⁻¹)⁻¹ si x + y, ingawa inavutia sana kuamini hivyo. Bomba moja linajaza tangi kwa saa 3, jingine kwa saa 6. Yakifunguliwa pamoja, mtu wa x + y atasema saa 9, kana kwamba bomba la pili linanyonya maji. Ukirahisisha ipasavyo unapata xy/(x + y), yaani 18 kwa 9: saa 2.

Na hesabu hizi zina mahali pake pazito Kampala. Hospitali ya Mulago ilikuwa na mashine ya kobalti ya kutibu saratani, ambayo iliharibika mwaka 2016. Kobalti-60 hupungua nguvu kwa nusu kila baada ya miaka 5.27, kwa hiyo chanzo cha mionzi kisichobadilishwa kwa miaka 21 hivi hubaki na 2⁻⁴ ya nguvu yake, sehemu moja ya 16. Dozi anayohitaji mgonjwa haipungui, na muda hupatikana kwa kuigawanya dozi kwa nguvu. Ile 2⁻⁴ iliyo chini ya mstari inapanda juu kama 2⁴, na aliyepaswa kulala chini ya mashine dakika 2 atalala 32.