Bwawa, Hodhi na Mfuko: Uhakiki wa Istilahi za Nafasi ya Seva

Kazi ya kuutafutia ufundi mpya maneno ya Kiswahili si kazi ya jana. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 kwa ajili ya nchi za Afrika Mashariki iliianza. Chuo cha Uchunguzi wa Lugha ya Kiswahili, kilichoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1964, kikairithi. Na Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa kwa sheria mwaka 1967, likakabidhiwa usanifishaji wake. Ufundi wa kompyuta nao umekwisha kupata sehemu yake. Mwaka 2004 ilitolewa Jambo OpenOffice, na maneno mengi ya mtumiaji wa kawaida yakapata makao katika lugha. Lakini nyuma ya mtumiaji huyo wapo mafundi waangalizi wa seva, na maneno ya kazi yao bado hayajapimwa kwa uangalifu unaostahili. Uhakiki huu wahusu sehemu moja tu ya kazi hiyo, nayo ni kusajili nafasi ya kuwekea data na kuikusanya pamoja ili igawiwe seva, zile zinazoshikika kwa mkono na zile zisizoshikika.

Kwanza yafaa jambo lenyewe lielezwe, kwa kuwa istilahi haiwezi kuhukumiwa na asiyejua kinachoitwa. Zamani kila seva ilikuwa na diski zake ndani ya kasha lake. Moja ikajaa hata ikashindwa kufanya kazi, na jirani yake ikawa na diski tupu, wala hapakuwa na njia nyepesi ya kusaidiana. Ndipo diski zikatolewa katika makasha na kuwekwa pamoja katika kabati moja, zikaunganishwa na seva zote kwa mtandao wa namna yake. Diski hizo hufungwa mafungu, na kila fungu hukatwa vipande vyenye kipimo na namba. Programu ya usimamizi huvitambua vipande hivyo, huandika jina, ukubwa na sifa za kila kimoja, na kuviweka katika jumla moja. Seva ikihitaji nafasi, hupewa kutoka katika jumla hiyo. Haja ikiisha, nafasi hurudishwa, ikapewa mwingine.

Neno la kwanza linalotumika hapa ni "hifadhi". Ni neno zuri, lakini limebebeshwa mizigo mingi. Kwenye kioo cha kompyuta "Hifadhi" ni amri ya kuweka kazi isipotee. Katika maneno ya mafundi huwa ni kabati la diski, mara nyingine ni nafasi iliyomo katika kabati hilo, na mara nyingine ni tendo la kuweka. Tena msomaji wa Mwembesongo, katika Manispaa ya Morogoro, analijua neno hili kwa maana nyingine iliyo karibu naye zaidi. Magharibi ya mji wake iko Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyotangazwa mwaka 1964, na misitu iliyo juu yake katika milima ya Uluguru nayo ni hifadhi. Akisoma "kusajili hifadhi" atadhani serikali imetenga msitu mwingine. Kosa si lake. Neno moja haliwezi kuwa chombo, nafasi, tendo na mbuga kwa pamoja, likabaki lenye kueleweka mahali panapotakiwa usahihi. Kinachosajiliwa hapa si mali iliyowekwa, bali ni mahali pa kuiwekea, na Kiswahili kina neno la hilo tangu zamani: nafasi.

Neno la pili ni lile la jumla yenyewe. Mafundi wa Kiingereza huiita kwa neno ambalo katika maana yake ya kawaida ni dimbwi la maji, na wafasiri wengine wameona inatosha kusema "bwawa la hifadhi" au "dimbwi la rasilimali". Dimbwi halihitaji hoja ndefu: ni maji yaliyotuama njiani baada ya mvua, na hakuna awekaye humo kitu cha thamani. Bwawa lina utetezi wenye nguvu zaidi, na pa kuupimia utetezi huo ni Morogoro. Maji ya mji huo hutoka kwa sehemu kubwa katika Bwawa la Mindu, lililojengwa miaka ya 1980 katika mto Ngerengere, na mengine huteremka moja kwa moja kutoka vijito vya Uluguru. Mkazi wa Mwembesongo afunguapo bomba hajui kama maji yale yalipita Mindu au yalitoka chanzo kingine cha mlimani, wala haimpasi kujua. Kwake ni maji tu. Hivyo ndivyo ilivyo kwa seva, nayo haijui data zake zimelala katika diski ipi. Mpaka hapo mfano wa bwawa wasimama.

Lakini wasimama mpaka hapo tu. Maji yakishatumika hayarudi bwawani, ila nafasi ya diski hurudi, na kurudi kwake ndiyo faida kuu ya mpango wote. Tena hakuna asajiliye tone la maji. Bwawa hupokea mto bila kuuliza jina, ilhali jumla ya nafasi haipokei kipande chochote kisichokuwa na namba na kipimo. Neno linaloificha kazi ya kusajili haliwezi kuwa jina la mahali pa kusajilia.

Zaidi ya hayo, wafasiri wa bwawa wamepotezwa na sauti. Katika Kiingereza yapo maneno mawili yatamkwayo sawasawa na kuandikwa sawasawa. La maji ni la kale katika lugha hiyo. Lile la fedha au mali iliyowekwa pamoja lilitoka katika Kifaransa, ambako neno la kuku lilitumika kuitia dau ambalo wachezaji wote hulichangia. Maneno hayo mawili yamechanganyika baadaye katika fikra za wasemaji wenyewe, lakini maana inayotumika hapa ni ya mchango, si ya maji. Mfasiri atafsiriye sauti badala ya maana huleta katika Kiswahili mchanganyiko wa watu wengine, na msomaji wa Kiswahili hapati faida yoyote.

Wapo waliopendekeza "hodhi", kwa kuwa ni chombo cha maji kilichotengenezwa na mtu, chenye kipimo kinachojulikana. Kwa upande wa kipimo wamesema kweli. Lakini Kiswahili kina kitenzi "kuhodhi", nacho ni kujilimbikizia kitu na kuwanyima wengine. Hata kama nomino na kitenzi vina asili mbalimbali, masikio ya msemaji hayafungui kamusi. Mpango ulioundwa ili seva zisihodhi diski kila moja peke yake, kisha ukaitwa hodhi, umepewa jina la ugonjwa uliokusudiwa kuutibu.

Neno ambalo lingefaa kuliko yote lilikuwapo, nalo limekwisha kuchukuliwa. "Kikoa" katika Kiswahili cha asili ni ulaji wa pamoja ambao kila mshiriki huutolea chakula kwa zamu. Mna ndani yake kuchangia, kupokea na zamu. Lakini kikoa kimepelekwa kwenye anwani za intaneti, na leo "jina la kikoa" ni jina la mahali katika mtandao, jambo ambalo halina mchango wala zamu ndani yake. Haifai sasa kulirudisha, maana limezoewa, na neno moja lenye maana mbili katika ufundi mmoja ni hasara. Lakini hasara hiyo yapasa iwe fundisho kwa wanaounda istilahi. Anayelitoa neno la kale bila kuipima maana yake yote huwanyang'anya watakaolihitaji kesho.

Baada ya kikoa, neno lililo karibu ni "mfuko". Hapa hakusudiwi mfuko wa nguo, bali mfuko wa pamoja, kama ule wa vikundi vya kuweka na kukopa vilivyoenea mijini na vijijini. Katika kikundi cha namna hiyo kila mwanachama hutoa hisa zenye kipimo. Mwandishi huziandika daftarini. Mwenye haja hukopeshwa. Naye hurudisha ili mwingine apate. Noti aliyoweka mtu si lazima iwe ile atakayopewa, lakini thamani haipotei. Sifa zote nne za jambo hili zimo: mchango, daftari, mgawo na marejeo. Hata hatari yake imo. Programu nyingi za siku hizi zaweza kuziahidi seva nafasi kubwa kuliko iliyomo, kwa kutumaini kwamba hazitaidai zote kwa wakati mmoja. Bwawa halitoi ahadi, bali mfuko hutoa, na ahadi ni deni. Kwa hiyo "mfuko wa nafasi" lasema kweli zaidi, tena laonya.

Yabaki majina ya seva zenyewe. "Seva" limekwisha kukaa, wala halihitaji kung'olewa. Taabu iko katika kutofautisha ile ya chuma na ile iliyoundwa kwa programu ndani ya nyingine. Wengi husema "seva halisi" na "seva pepe", neno la pili likichukuliwa kutoka "barua pepe". Katika barua, pepe laweza kuleta fikra ya upepo na wepesi wa kufika. Lakini kwa mkulima wa mpunga, na mkoa wa Morogoro ni mkoa wa mpunga, mapepe ni punje zisizo na kiini, maganda matupu yapeperushwayo katika kupeta. Seva hii si ganda tupu. Hutunza data, hujibu maombi, na huweza kuharibika. "Dhahania" nalo lapotosha vilevile, kwa maana humfanya msomaji aone kwamba kitu hakipo. Na "halisi" likiwekwa kando ya maneno hayo hufanya hukumu badala ya maelezo: moja ya kweli, nyingine ya uongo.

Njia iliyo bora ni kuitaja hali ya kila moja. Ile ya chuma na iitwe "seva ya maunzi", kwa kuwa maunzi ni neno lililokwisha kuzoeleka. Iliyomo ndani ya nyingine na iitwe "seva mgeni", na wingi wake "seva wageni", maana imekaribishwa katika maunzi ya mwenyeji. Mgeni ni mtu kamili, ila nyumba si yake. Na Waswahili wamesema kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu apewe jembe. Huyu hupewa jembe tangu saa ya kwanza.

Tofauti hii si ya mapambo, maana mgawo wenyewe hutegemea. Seva ya maunzi hupewa kipande kizima cha nafasi, nayo hukiona kama diski yake yenyewe. Seva mgeni kwa kawaida haipewi hivyo. Kipande hupewa kwanza mwenyeji, naye hukipanga na kukifanya ghala. Ndani ya ghala hilo diski ya mgeni huwekwa kama faili. Kwa hiyo katika mfuko husajiliwa vitu vya namna mbili, vipande vizima kwa matumizi ya kwanza na maghala yaliyokwisha kupangwa kwa matumizi ya pili. Tafsiri inayoviita vyote "hifadhi" humwacha fundi akikisia.

Na kukisia huku kuna gharama. Programu za kazi hii huwa na amri mbili zilizo mbali kabisa. Moja hukiondoa kipande katika daftari la mfuko, na data zilizomo hubaki. Nyingine hukiharibu kipande chenyewe pamoja na vilivyomo. Mfasiri mwepesi huandika "futa usajili wa hifadhi" kwa ya kwanza na "futa hifadhi" kwa ya pili. Neno moja katikati ndilo litenganishalo usalama na maangamizi, na fundi mwenye haraka aweza kulipita kwa jicho. Kumbukumbu za wagonjwa au matokeo ya wanafunzi yaliyopotea hivyo hayarudishwi kwa sahihisho la kamusi. Kwa hiyo "kufuta" na libakie kwa kuharibu tu. Tendo la kwanza na liitwe "kuondoa daftarini", na kinyume chake "kusajili", ambalo kwa Waswahili lina uzito wa daftari na sheria, kama katika usajili wa ardhi na wa vizazi na vifo.

Hukumu ya jumla ni hii. Ubaya wa istilahi za sasa hautokani na upungufu wa Kiswahili, bali na desturi ya kufasiri neno moja moja kutoka orodha, mbali na kazi yenyewe. Nafasi, mfuko, ghala, daftari na mgeni yalikuwapo kabla ya seva ya kwanza kuwashwa, na mwanachama wa kikundi cha akiba wa Mwembesongo huyatumia bila mwalimu. Baraza la Kiswahili la Taifa, pamoja na Taasisi ya Taaluma za Kiswahili iliyokirithi kile Chuo cha Uchunguzi mwaka 2009, wana uwezo wa kuweka utaratibu kwamba istilahi ya kazi za seva isikubaliwe mpaka iwekwe ndani ya sentensi ya amri, karibu na amri iliyo kinyume chake, na kusomwa na fundi ambaye atawajibika kwa data zikipotea.