Jinsi Saratani ya Figo Inavyoubomoa Mfupa

Seli za saratani ya figo zikihama hutua zaidi kwenye mapafu na mifupa. Mfupani haziubomoi mfupa zenyewe. Hutoa peptidi iitwayo PTHrP, inayofanya kazi kama homoni na kuuamuru mfupa ujibomoe.

Fununu ya kwanza ilitoka Boston mwaka 1941. Daktari Fuller Albright alichambua habari za mgonjwa mwenye saratani ya figo iliyofika mfupani, ambaye damu yake ilijaa kalsiamu. Mfupa una kalsiamu na fosfati pamoja, hivyo kama tatizo lingekuwa kubomoka tu, fosfati nayo ingepanda. Kumbe ilikuwa chini, kama inavyokuwa tezi za parathairoidi zikizidisha homoni yao. Albright akakisia kuwa uvimbe wenyewe unatoa homoni ya namna hiyo. Ni hoja nzuri ajabu, ikizingatiwa kuwa ilijengwa juu ya vipimo vya kawaida vya damu.

Watafiti wakaisaka homoni ya parathairoidi ndani ya uvimbe kwa miongo minne, na matokeo yakagongana. Mwaka 1987 makundi ya Melbourne, Yale na San Francisco yalipata peptidi nyingine kabisa, ndiyo PTHrP. La San Francisco liliitenga kutoka kwenye seli za saratani ya figo. Kati ya asidi amino 13 za mwanzo, 8 zinafanana na za homoni ya parathairoidi, na hiyo yatosha kuifungua kufuli ileile: kipokezi PTH1R.

Kipokezi hicho kimo kwenye seli zinazojenga mfupa. PTHrP ikikishika, seli hizo hutoa RANKL, protini inayokomaza seli zinazokula mfupa. Mfupa ukiliwa, huachia TGF-beta iliyohifadhiwa humo, nayo huzichochea seli za saratani kukua na kutoa PTHrP zaidi. Mzunguko unajilisha wenyewe. Figoni kwenyewe, jeni VHL, ambayo huharibika katika saratani nyingi za aina ya seli angavu, ndiyo huizuia PTHrP. Watafiti wa Strasbourg walionyesha mwaka 2004 kuwa kuifunga peptidi hiyo kwa kingamwili husinyaza uvimbe katika panya.

Kwa binadamu, dawa zinazotumika huukata mzunguko mbele zaidi: asidi zoledroniki huzidhoofisha seli zinazokula mfupa, na denosumabu huizuia RANKL.

Mkoani Simiyu, Tanzania, dalili ya awali ya saratani hii hupotea kirahisi, kwa sababu damu kwenye mkojo hudhaniwa ni kichocho, na mara nyingi ndicho. Damu ikiendelea baada ya prazikwanteli, hasa kwa mtu mzima, figo zipigwe altrasaundi, Bariadi au Hospitali ya Bugando, Mwanza. Na mgonjwa wa saratani ya figo mwenye maumivu ya mifupa, kiu isiyokatika, choo kigumu au kuchanganyikiwa apimwe kalsiamu siku hiyohiyo.