Kabati Linalovuka Ziwa

Ukiona fundi anapima ukuta tu na kuanza kukutajia bei ya mbao, usimpe malipo ya awali. Kabati la nguo hupimwa kwa nguo kwanza, kisha kwa chumba. Kwa mkazi wa Goziba kuna kipimo cha tatu, nacho ni mtumbwi, maana kisiwa hiki cha Muleba kiko mbali ndani ya Ziwa Victoria na fanicha kubwa hufika kwa maji.

Anza na kanzu. Itundike kwenye hanga, pima kutoka kwenye bomba hadi pindo, kisha ongeza sentimita 10 isije ikaburura. Mtu mzima wa kimo cha kawaida atahitaji kama 150 hadi 160. Shati linatosheka na 100. Kwa hiyo bomba moja lililotoka upande hadi upande ni uvivu wa fundi: chini ya mashati panabaki hewa tupu, na umeilipia. Aliyefikiri huligawa kabati, upande mmoja kanzu na magauni, upande wa pili mashati juu na droo chini.

Kwenye kina ndipo wateja wengi wanapopunjwa. Hanga la mtu mzima lina upana wa kama sentimita 45, bado mikono ya koti haijahesabiwa. Kabati la inchi 18 hufungwa kwa kubana mabega ya nguo. Dai sentimita 60. Fundi akilalamika kwamba mbao zitapotea, mkumbushe kwamba plaiwudi ya futi 8 kwa 4 ina upana wa sentimita 122: inatoa vipande viwili vya 60, na msumeno unapata njia yake.

Sasa chumba. Kabati la mita 2 lenye kina cha 60 likiingizwa limelazwa, linahitaji karibu sentimita 209 ili lisimame, kwa sababu kona yake hupanda juu kabla ya kukaa sawa. Kwenye chumba cha 205 litaingia vizuri na kubaki limelala. Nyumba nyingi za mabati za mialoni zina paa la chini, kwa hiyo mimi ningeagiza kabati la boliti, pande na mgongo mbalimbali, kila kiungo kimetiwa alama. Vipande hivyo hulala bapa mtumboni. Likishaunganishwa, pima kutoka kona hadi kona, mara mbili kwa kukatisha. Vipimo vikipishana zaidi ya milimita 3, mlango utagoma.

Bukoba hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na chipubodi iliyonyonya unyevu huvimba na kumeguka kwenye skrubu. Kwa mlango wa mbao halisi, bonyeza ubao wa katikati ya fremu. Ukicheza kidogo sana, furahi: fundi ameuacha huru ndani ya mfereji wake ili utanuke masika bila kupasua fremu. Wateja huudhika na mchezo huo na kudai gundi. Ndivyo milango mizuri inavyoharibiwa.

Msizi, mti ambao jina lake la kisayansi linamkumbuka Emin Pasha, aliyeanzisha kituo cha Wajerumani Bukoba mwaka 1890, ni mwepesi na rahisi kupasua. Unafaa kwa rafu. Miguu inayogusa sakafu iwe ya mninga, kwani mchwa hachagui kisiwa. Rafu ikizidi sentimita 80 bila mhimili, itapinda kwa uzito wa vitenge.

Na kwa kuwa harufu ya dagaa na ukungu ni majirani wa kudumu, acha matundu juu na chini ya mgongo, na kabati lisiguse ukuta.

Mwisho pitisha kiganja chini ya rafu. Mafundi wengi hupiga msasa na vanishi upande unaoonekana tu, na ubao uliopakwa upande mmoja hunyonya unyevu kwa upande mwingine na kujikunja. Ukikuta chini nako ni laini, malizia deni lake.