Mwanga wa Nani? Kijiumbe Mla Madini katika Bunilizi ya Kisayansi

Katika bunilizi ya kisayansi kuna mhusika aliyekwisha kuzoeleka: kijiumbe kiishicho chini ya ardhi, kinachokula madini na kung'aa gizani. Makala haya yanahoji sifa moja tu kati ya hizo, nayo ni huo mwanga.

Kula madini si ajabu. Katika miaka ya 1880 Sergei Winogradsky alionyesha kuwa wapo bakteria wanaojipatia nguvu kutokana na salfa. Mwaka 2008 wanasayansi walimweleza bakteria aliyepatikana kwenye maji ya nyufa za miamba, kiasi cha kilomita 2.8 chini, katika mgodi wa dhahabu wa Mponeng, Afrika Kusini. Huyu hutegemea haidrojeni itokanayo na maji yaliyopasuliwa na mnunurisho wa urani. Sehemu ya jina lake, Desulforudis audaxviator, imetolewa katika riwaya ya Jules Verne ya 1864 kuhusu safari ya kitovuni mwa dunia. (Fasihi ilitangulia kushuka.) Mwanga, hata hivyo, hauna nafasi huko: bakteria wang'aao huhitaji oksijeni, na katika maji yale haimo. Wala hakuna jicho la kuangaziwa.

Basi mwanga huo ni wa mgeni. Kijiumbe kinawashwa kama kurunzi ili mchimbaji aone njia, na papo hapo kinakoma kuwa mhusika. Kwa msomaji wa Oyugis, jirani wa machimbo ya dhahabu ya Migori, hili si jambo dogo. Ardhi ya pande hizo imekwisha kupimwa sana kwa kinachometa.

Tulinganishe na ngano ya Wajaluo kuhusu Simbi Nyaima, ziwa la magadi karibu na Kendu Bay, si mbali na Oyugis. Kikongwe mwenye njaa anafika penye karamu, anafukuzwa. Mvua inashuka, kijiji kinadidimia. Ngano haituonyeshi lolote la chini. Inatupa njaa, nayo inatosha kuifungua ardhi.

Riwaya ya Kiswahili imekwisha kupaa: katika Walenisi (1995), Katama Mkangi alimrusha Dzombo hadi sayari nyingine, akakuta kwamba wale ni sisi. Kushuka ni kugumu zaidi, kwani tatizo lake ni wakati wa usimulizi. Vijiumbe vya kina kile hukadiriwa kugawanyika mara moja tu katika makumi, pengine mamia, ya miaka. Vitenzi vya njaa ya namna hiyo bado havijaandikwa.