Kadi Mbili Pochini, ya Tatu Kwenye Pasipoti

Mpwa wangu na mumewe, wakazi wa Houston, Texas, walikuwa na kadi sita za mkopo, na kila moja iliingia nyumbani kwa sababu ya tangazo fulani. Swali lao lilikuwa fupi: "Mjomba, tubaki na zipi mfukoni?" Kulijibu kulihitaji taarifa za benki za miezi mitatu, jedwali la Excel na kanuni moja: kadi hupimwa kwa kile inachozidisha juu ya kadi ya kawaida ya asilimia 2. Jumla ya inachorudisha haitoshi kuwa kipimo.

Hiyo asilimia 2 ina msingi wake. Tangu mwaka 2014 Citi wana kadi ya Double Cash, inayorudisha asilimia 1 unaponunua na asilimia 1 nyingine unapolipa deni. Mwaka 2021 Wells Fargo wakaleta Active Cash, inayorudisha asilimia 2 moja kwa moja. Zote mbili hazina ada ya mwaka, na hazijali umenunua dawa, matairi au sare za shule. Maadamu pesa hizo zinapatikana bila kufikiria chochote, kadi nyingine inayoomba nafasi pochini lazima ionyeshe itaongeza nini. Kadi inayojisifu kwa asilimia 3 imeongeza 1 tu.

Lakini kabla ya kulinganisha kadi kulikuwa na jambo la kumaliza kwanza. Kadi mojawapo, ile ya shirika la ndege, ilikuwa na deni la dola 2,000 lililokuwa likisogezwa mwezi hadi mwezi. Riba ya kadi za Marekani katika miaka hii imezidi asilimia 20. Chukua 21: deni hilo linazaa dola 35 kwa mwezi, dola 420 kwa mwaka. Familia hii hupitisha kwenye kadi wastani wa dola 2,000 kila mwezi, yaani 24,000 kwa mwaka, na kadi ya asilimia 2 ingewarudishia dola 480. Deni moja tu lilikuwa linameza karibu zawadi zote. Tena ukibakiza deni, kwa kawaida unapoteza ule muda usio na riba, hivyo hata mkate ulionunua leo asubuhi huanza kutozwa riba leo hiihii. Kwao, wakiwa Waislamu, neno riba lilikuwa na uzito kupita hesabu yenyewe. Walilipa deni lote kwanza, kisha wakaagiza kila kadi ijilipe yenyewe salio zima la taarifa kila mwezi. Ningekataa kuendelea na uchambuzi kama hilo lisingefanyika, na simshauri mtu yeyote anayebeba deni la kadi asome tangazo la zawadi hata moja.

Baada ya hapo tukafungua taarifa. Kodi ya nyumba na pesa zinazotumwa nyumbani Tanzania tuliziweka kando, kwa kuwa hazipiti kwenye kadi ya mkopo. Zilizobaki, kwa wastani wa mwezi, zilikuwa hivi: dola 400 supamaketi ya H-E-B, 220 Costco na Walmart, 60 bucha la halali mtaa wa Hillcroft, 220 mafuta ya gari, 150 migahawa, na 950 vitu vingine vyote, kuanzia bima na simu hadi nguo.

Hapa ndipo hesabu ya kichwani inapopotea njia. Mume alikuwa amechukua Blue Cash Preferred ya American Express, kadi inayorudisha asilimia 6 kwenye supamaketi za Marekani. Alijumlisha chakula chote cha nyumbani, dola 680 kwa mwezi, akazidisha kwa 12, akachukua asilimia 6 yake, akapata karibu dola 490 kwa mwaka. Hesabu ya kuzidisha ilikuwa sahihi. Kilichokosewa ni maana ya supamaketi.

Kila mfanyabiashara anayepokea kadi amesajiliwa kwa msimbo wa tarakimu nne unaoeleza aina ya biashara yake. Katika orodha inayotumiwa na Visa na Mastercard, supamaketi ni 5411, mgahawa ni 5812, mgahawa wa chakula cha haraka ni 5814, duka la dawa ni 5912, na klabu ya ununuzi wa jumla ni 5300. Bucha linaweza kusajiliwa kwa 5422. Kompyuta ya benki haioni mchele wala nyama uliyobeba; inaona aina ya biashara tu. Kilo ileile ya unga inaweza kuwa chakula katika duka moja, na katika duka jingine ikahesabiwa kama manunuzi ya kawaida.

Masharti ya American Express yanaziweka nje waziwazi klabu za jumla na maduka makubwa yanayouza kila kitu, Walmart na Target yakiwemo. Costco ni kesi ya pekee: tangu Juni 2016 maduka yake ya Marekani hayapokei American Express kabisa, na kwa kadi za mkopo yanapokea Visa peke yake. Bucha la Hillcroft nalo, tulipoangalia katika programu ya benki, halikuwa kwenye kundi la supamaketi. Kwa hiyo katika dola 680 za chakula, zilizostahili asilimia 6 zilikuwa 400 za H-E-B. Ingekuwa familia isiyokanyaga Costco, jibu lingekuwa jingine. Na jirani yao anayenunua kila kitu Walmart angekuwa anailipia ada kadi hiyo bila faida yoyote ya maana. Ndiyo sababu siamini orodha za "kadi bora za mwaka". Anayeziandika hajui unanunua wapi nyama.

Sasa tofauti. H-E-B kwa mwaka ni dola 4,800. Kwa asilimia 6 zinarudi 288, na kwa kadi ya asilimia 2 zingerudi 96, hivyo ziada ni 192. Blue Cash Preferred inarudisha asilimia 3 kwenye vituo vya mafuta, nako ziada inakuwa dola 26 na senti 40. Jumla ni 218.40. Toa ada ya mwaka ya dola 95, zinabaki 123.40. Kadi imepata nafasi yake, ingawa kwa kiasi kidogo sana kuliko zile dola 490 za mwanzo.

Ila ilikuwa lazima ishindanishwe pia na mdogo wake, Blue Cash Everyday, isiyo na ada ya mwaka, yenye asilimia 3 supamaketi na asilimia 3 kwenye mafuta. Hiyo ingeongeza dola 74.40 juu ya kadi ya asilimia 2. Preferred inaizidi kwa dola 49. Ukitaka kujua mstari kati yao unapita wapi, gawanya ada ya dola 95 kwa tofauti ya asilimia 3: unapata dola 3,167 kwa mwaka, karibu 264 kwa mwezi. Mnunuzi wa supamaketi anayepita hapo achukue yenye ada, aliye chini ya hapo achukue ya bure. Zipo pia dola 6,000 za kukumbuka. Hizo ndizo za mwisho kupata asilimia 6 katika mwaka, na zikipita kadi inashuka hadi asilimia 1, wakati ambapo ile ya asilimia 2 inakuwa bora hata supamaketi.

Kadi ya migahawa, Savor ya Capital One, haikuchukua muda. Dola 1,800 kwa mwaka, kwa nyongeza ya asilimia 1, ni dola 18. Faini moja ya kuchelewa kulipa inazimaliza na kudai zaidi. Kadi ya Chase Freedom Flex, inayotoa asilimia 5 kwenye makundi yanayobadilika kila robo mwaka hadi manunuzi ya dola 1,500, ina nguvu ya kweli kwenye karatasi: ukijaza kila robo, inazidi asilimia 2 kwa dola 180 kwa mwaka. Lakini lazima uiwashe kila robo, ukumbuke kundi la sasa, na manunuzi yako yaangukie hapo. Mpwa wangu ni muuguzi wa zamu za usiku. Katika mwaka uliopita walikuwa wameiwasha mara moja. Ikaenda kabatini.

Hata hivyo Savor ndiyo kadi ya tatu tuliyoibakiza, na ilipata kazi kwa sababu isiyohusu zawadi kabisa. Kadi nyingi za Marekani hutoza ada ya muamala wa nje, kwa kawaida asilimia 3. Active Cash na Double Cash zinaitoza, na Blue Cash inatoza 2.7. Wanapokwenda Tanzania hutumia kwenye kadi kama dola 2,500 kwa hoteli, usafiri na chakula. Kwa kadi ya asilimia 2 wangelipa ada ya dola 75 na kurudishiwa 50, yaani wapoteze 25. Capital One hawatozi ada hiyo, na hata kama Savor yao ingerudisha asilimia 1 tu kwenye kila kitu, wangepata dola 25. Tofauti ni dola 50 kwa safari moja, bila ada ya mwaka.

Zanzibar ina mitego miwili. Hoteli nyingi zilizoea kunukuu bei kwa dola, na msafiri hudhani kulipa kwa dola kunamwepusha na ada ya nje. Ada hiyo kwa kawaida inafuata mahali muamala ulikochakatwa, kwa hiyo dola zilizotozwa Nungwi zinaweza kutozwa ada sawa na shilingi. Mtego wa pili ni mashine inayokuuliza ulipe kwa dola au kwa shilingi ilhali bei ni ya shilingi. Chagua shilingi. Ukichagua dola, kiwango cha kubadilisha kinapangwa upande wa mashine, na mara nyingi ni kibaya kuliko cha Visa au Mastercard. Na kadi ya American Express usiitegemee sana nje ya hoteli kubwa.

Kutuma pesa nyumbani kunahitaji onyo lake. Mtu anaweza kuona dola 300 za mama kila mwezi na kuwaza asilimia 2 zake. Benki nyingi huhesabu utumaji pesa kwa kadi ya mkopo kama kuchukua fedha taslimu: kuna ada yake, mara nyingi asilimia 5, riba inaanza siku hiyohiyo, na zawadi hakuna. Tumia kadi ya debiti au akaunti ya benki.

Wapo watakaouliza habari za pointi. Pointi za Chase, American Express, Citi na Capital One zinahamishika kwenda Flying Blue ya Air France na KLM, na KLM wanafika Dar es Salaam na Kilimanjaro. Kijana asiye na familia, anayeweza kuruka Februari katikati ya wiki, anaweza kupata thamani kubwa huko kuliko fedha taslimu. Familia yenye watoto wawili inasafiri shule zikifungwa, inahitaji viti vinne kwenye ndege moja, na viti vya pointi Desemba ni vichache mno. Kwa watu wanne wenye tarehe zisizobadilika nimechagua fedha, na ningechagua hivyo tena. Bonasi ya kujiunga, ambayo mara nyingi ni dola 200 hivi, ichukuliwe inapofaa, lakini haiamui kadi inayokaa mfukoni miaka mitano, kwa sababu inalipwa mara moja.

Pesa hizi za zawadi kwa sehemu kubwa zinatoka kwa mfanyabiashara, ambaye kwa kila muamala wa kadi ya mkopo hukatwa ada inayozunguka asilimia 2, na sehemu yake kubwa huenda kwa benki iliyotoa kadi. Kwa kadi za debiti, tangu Oktoba 2011 sheria ya Marekani imeibana ada hiyo kwa benki kubwa hadi senti 21 na asilimia 0.05 ya muamala, na zawadi za debiti zikakauka. Kadi za mkopo hazikuguswa. Umoja wa Ulaya uliziwekea ukomo wa asilimia 0.3 mwaka 2015, ndiyo maana ndugu walio Berlin hawaoni matangazo ya asilimia 6. Mfanyabiashara huiongeza ada kwenye bei, na bei hiyo anailipa hata anayelipa taslimu. Utafiti uliochapishwa na Federal Reserve, benki kuu ya Marekani, mwaka 2023 ulikadiria kwamba kadi za zawadi huhamisha dola bilioni 15 kwa mwaka, kutoka kwa wenye elimu ndogo na kipato kidogo kwenda kwa wenye zaidi. Wengi wetu wahamiaji tuko upande wa kutoa. Hilo linaniuma, na ndilo linalonifanya niketi na ndugu zangu juu ya taarifa zao badala ya kuwaambia waachane na mambo ya kadi.

Hivyo pochi ya kila siku ilibaki na mbili: Blue Cash Preferred kwa H-E-B na mafuta, Active Cash kwa Costco, bucha na mengine yote. Kwa mwaka ni dola 603 baada ya ada, dhidi ya 480 za kadi moja. Savor inakaa na pasipoti. Kadi ya shirika la ndege, yenye ada ya mwaka na faida ya mizigo wasiyoitumia, ilifungwa. Freedom Flex na kadi ya sita, ya duka, hazina ada, kwa hiyo hazikufungwa: asilimia 30 ya alama za FICO, zinazopima uaminifu wa mkopaji, inatokana na kiasi unachodaiwa, na hapo huangaliwa deni likilinganishwa na kikomo cha kadi zako. Kila moja imepewa bili ndogo ya kila mwezi inayojilipa yenyewe, ili benki isiifunge kwa kutotumika.

Wiki chache kabla ya ada ya Preferred kutozwa tena, watajumlisha upya manunuzi ya H-E-B. Yakiwa chini ya dola 264 kwa mwezi, watapiga simu American Express na kuomba wahamishiwe Blue Cash Everyday kwenye akaunti ileile, ili umri wake usipotee.