Mmoja Tu Atatoka Hai

Kuua wahusika ni kazi nyepesi. Mwandishi yeyote mwenye hasira anaweza kuangusha maiti kumi katika sura moja, na msomaji akafunua ukurasa huku anakunywa chai. Kazi ni kumfanya msomaji huyo aingiwe na hofu juu ya mtu ambaye bado mzima, hajaumwa hata kichwa, amekaa tu anacheka na mwenzake. Riwaya za mashindano ya kifo, zile za giza zenye fitina za ikulu na mapenzi ndani yake, zinapoandikwa na fundi, huipata hofu hiyo kwenye masharti kabla ya upanga wowote kuchomolewa. Hapo ndipo ninapotaka kuwasifu wanaozitunga.

Chukua The Serpent and the Wings of Night ya Carissa Broadbent, Mmarekani aliyeitoa mwenyewe mwaka 2022 kabla ya wachapishaji wakubwa kuichukua. Nchi yake, Obitraes, inatawaliwa na wanyonya damu. Sisi tuliotishwa utotoni kwa habari za mumiani tulimjua kama mtu wa kuvizia vichochoroni. Huku jamaa zake ndio wafalme, wana majeshi na majumba, na wanaojificha ni binadamu. Kila baada ya miaka 100 Nyaxia, mungu wa kike wa mauti, huwa na mashindano yake yaitwayo Kejari. Majaribio ni matano. Mshindi ni mmoja, naye hupewa na Nyaxia jambo moja aliloomba.

Anaingia Oraya, binadamu, binti wa kulea wa Vincent, mfalme wa Nyumba ya Usiku. Vincent mwenyewe aliwahi kushinda Kejari, na ushindi huo ndio uliomfungulia njia ya kiti cha enzi. Amemlea binti kwa mapenzi na kwa vitisho, vyote kwa mkono mmoja: amemfundisha kutomwamini yeyote, na kuyatuliza mapigo ya moyo wake, kwa sababu wanaomzunguka husikia woga kabla ya kuuona. Oraya anataka nguvu za kulingana na baba yake, asiwe tena windo katika nyumba anayoiita kwao.

Kisha anakutana na Raihn, mshindani mwenzake.

Mwandishi mvivu angewatenganisha wapendanao kwa wivu, kwa barua iliyopotea njiani, au kwa mama mkwe mwenye ulimi mkali. Broadbent hahitaji hata kimoja. Sharti limekwisha kuwekwa tangu mwanzo, na sasa linafanya kazi lenyewe. Wawili hawa wanashirikiana kwa sababu mashindano yenyewe yanadai wenza katika jaribio la katikati. Wanafanya mazoezi pamoja, wanafungana vidonda, na kila wema mmoja anaomtendea mwenzake unamwongezea nguvu mtu atakayelazimika kumuua. Basi hata utani wao una uzito. Yupo binti aliyefunzwa maisha yake yote kuificha damu yake, na inafika siku anamruhusu mpinzani wake ainywe. Mwandishi hapo hahitaji kupamba maneno. Tunajua kinachotolewa, na tunajua kitakachodaiwa.

Siasa nayo imeshonwa humohumo. Nyumba ya Usiku ina koo mbili zinazonyang’anyana ufalme: Hiaj wenye mabawa kama ya popo, na Rishan wenye mabawa ya manyoya. Vincent ni Hiaj, Raihn ni Rishan. Kumpenda kijana huyu, hata bila mashindano, tayari ni uhaini wa namna fulani.

Asiyetaka kuharibiwa utamu aruke aya hii na sentensi ya mwisho ya makala. Mwishoni wanabaki wawili, Oraya anashinda, na ombi lake kwa mungu ni kurudishiwa Raihn aliyemuua. Raihn anarudi hai, kumbe ndiye mrithi wa Rishan, na Vincent anakufa mkononi mwake. Ombi moja la mapenzi linaangusha dola. Nalistahi sana pigo hili, maana halikuletwa na bahati: kila mlango lilioupitia ulikuwa umeachwa wazi mbele ya macho yetu, nasi tulikuwa tunatazama mapenzi.

Suzanne Collins aliuonyesha ufundi wa aina hiyo katika The Hunger Games, 2008, nayo ni ya mashindano ya kifo. Katikati ya mauaji, watawala wanatangaza kwamba washindi wanaweza kuwa wawili wakitoka wilaya moja. Wanapobaki wawili wa wilaya moja, tangazo linafutwa. Hakuna mnyama wala mshale katika kitabu kile unaotisha kama sentensi hiyo ya serikali.

Na sisi tunalifahamu jambo hili zamani. Katika Utenzi wa Fumo Liyongo shujaa hafi ila kwa sindano ya shaba ya kitovuni. Anayeweza kuipata siri hiyo ni mwanawe, na sultani wa Pate anamwahidi kijana huyo bintiye. Siasa, ndoa na mauti vimefungwa katika sharti moja, na tangu siri inapotamkwa msikilizaji hana raha tena.

Sisemi kazi ya Broadbent haina kasoro. Washindani wengi wanakufa kabla hatujawajua kwa zaidi ya jina, na huwezi kumlilia mtu uliyetambulishwa kwake akiwa anaanguka. Mawazo ya Oraya nayo hujirudia mno: hofu ileile, karipio lilelile la baba, sura baada ya sura. Mhariri mkali angekata kurasa nyingi bila hadithi kuumia.

Anayesoma Kiingereza aitafute, awe mtu mzima, maana ya faraghani humo hayakufunikwa shuka. Na akiinunua, anunue pia ya pili, The Ashes and the Star-Cursed King ya mwaka 2023. Ya kwanza inamwacha Oraya ameolewa kwa shuruti na muuaji wa baba yake, na hapo ndipo kurasa zinapokwisha.