Harufu Kwanza, Jani Baadaye: Kubuni Lebo za Mishumaa ya Kagera

Anayetaka kubuni lebo yenye sura ya asili pale Bukoba aanze kwa kukichunguza kifurushi cha akamwani, kahawa ya kutafuna. Matunda ya kahawa huchemshwa pamoja na majani ya kunukia, hukaushwa, kisha hufungwa katika magome makavu ya mgomba na kukazwa kwa ukamba wa mgomba huohuo. Hakuna picha wala neno lililoandikwa, lakini mnunuzi haulizi kilichomo: harufu inapenya kwenye gome na kumfikia kabla hajafungua.

Lebo nyingi za mishumaa ya manukato hufanya kinyume. Zina lavenda na majani ya kangaga yaliyopakuliwa kwenye intaneti, hata pale ambapo ndani ya bilauri hamna harufu ya kimojawapo. Msimamo wangu ni kwamba mchoro ufuate harufu, nao mmea uchaguliwe baada ya hapo.

Tuchukue mkusanyiko wa mishumaa mitatu ya Kagera: kahawa, vanila na mchaichai. Kahawa ndiyo ngumu kuliko zote. Ua la mkahawa ni jeupe na linanukia kama asumini, ilhali harufu tuliyozoea kuiita ya kahawa huzaliwa kwenye kikaango. Kwa hiyo mshumaa wa kahawa iliyokaangwa ukipambwa kwa maua meupe, jicho litaahidi jambo moja na pua itapewa lingine. Hapo chora buni, na uonyeshe ule mfereji wa katikati. Ndani ya tunda hukaa mbili, zimelaliana bapa kwa bapa, na Wahaya walizitumia buni hizo pacha katika kiapo cha undugu wa damu. Alama hiyo ina uzito ambao jani la kupakuliwa haliwezi kuwa nao.

Ikiwa harufu ni ya ua, basi chora tawi, lakini liwe tawi la robusta, maana ndiyo inayolimwa zaidi Kagera. Jani lake ni pana na lina mawimbi zaidi kuliko la arabika, na matunda yake hubanana kwenye vifundo. Mkulima wa Muleba atagundua kosa mara moja. Hata mgeni James Augustus Grant, aliyesafiri na mpelelezi Speke, alikawia Karagwe kwa mfalme wake, Mukama Rumanyika, hadi Aprili 1862 kwa sababu ya mguu uliomuuma. Katika safari hiyo alikusanya mimea na kuchora kwa rangi za maji vitu alivyoviona kwa macho yake. Mbunifu wa leo ana shamba karibu zaidi kuliko Grant, na hana sababu ya kuchora kwa kukisia.

Vanila nayo ina mtego wake. Ua lake hufunguka siku moja tu na huchavushwa kwa mkono, kwa njia aliyoigundua Edmond Albius, kijana mtumwa wa kisiwa cha Réunion, mwaka 1841. Ni kisa kizuri cha kuandika nyuma ya boksi. Mbele, hata hivyo, ua halihusiki na harufu, wala ganda bichi halinukii. Utamu huja baada ya kulivundika na kulikausha. Chora ganda jeusi lenye mikunjo.

Mchaichai hauna shida: mistari mirefu michache inatosha. Ili mitatu hii ionekane ni ya mama mmoja, unene wa mstari, mwandiko na mahali pa jina visibadilike. Mchoro tu ndio utofautiane.

Kisha kuna karatasi. Wengi hukimbilia kaki kwa sababu inafanana na gome la mgomba, na hapo kijani huwa tope na njano hupotea, kwa kuwa wino wa kawaida wa uchapaji hupitisha mwanga na rangi ya karatasi hujitokeza chini yake. Ama mchapaji atangulize wino mweupe, ama mbunifu atumie nyeusi na kahawia iliyokolea tu. Mimi nachagua la pili. Gome halisi lisibandikwe kwenye bilauri: hunywea, huota ukungu katika unyevu wa Bukoba, na linashika moto. Mahali pake ni nje, liwe ukamba wa kufungia boksi. Boksi lenyewe litobolewe tundu lenye umbo la buni, ili harufu itoke kama inavyotoka kwenye akamwani.

Kabla ya kuchapa nyingi, dondoshea lebo mafuta ya manukato, uiache usiku kucha, kisha uisugue kwa kidole. Wino ukitoka, omba karatasi iliyofunikwa utando.

Bilauri ya kipenyo cha sentimita 7 ina mzingo wa sentimita 22 hivi, na mtu anasoma kwa raha kama theluthi moja ya hapo. Jina la harufu likae ndani ya sentimita hizo 7. Msimbomilia, unaoanza na 620 kwa namba zinazotolewa Tanzania, uwe na mistari myeusi juu ya rangi nyeupe. Mistari myekundu mashine nyingi haziioni, kwa sababu zinamulika kwa mwanga mwekundu. Kwenye kopo jembamba, mistari ilazwe kama vipago vya ngazi, isije ikapinda na kukataa kusomeka. Maonyo matatu, yaani usiuache mshumaa unaowaka bila mtu, uweke mbali na watoto, na uweke mbali na vitu vinavyoshika moto, yaandikwe kwa Kiswahili kwanza, kwa herufi ambazo bibi anaweza kuzisoma bila miwani.